Acha Ipole

Boti ya Stéphane iliondoka Nchelenge saa kumi na mbili asubuhi. Ilipofika saa tatu kasorobo nilijua kwamba usukani wake utakatika katikati ya ziwa. Nilijua kwa sababu ni mimi niliyeuchomelea. Na ndani ya boti ile alikuwamo Plamedie, mwanangu, wa pekee niliyebaki naye, amekaa juu ya magunia yake ya unga wa mahindi anayopeleka kuuza Kilwa, upande wa Kongo.

Aliyeniambia ni Felistus. Huyu ni jirani yangu wa kazi: yeye anakausha samaki kwa moshi, mimi nachomelea vyuma, na kati yetu hakuna ukuta, kuna tanuri yake tu. Asubuhi hiyo alikuwa anapanga kuni, mimi hata chai sijanywa. Akanisalimu, akauliza kama mtoto ameondoka salama, kisha akaendelea kwa Kiswahili chake kile cha sokoni, akijisifu kidogo.

"Bashi Plamedie, jana nilikusaidia sana. Ile chuma ya boti ulisema italale, ikuwe baridi. Nilitalalika. Maji ndoo tatu."

"Maji gani?"

"Ya ziwa. Ililia tsss, moshi mpaka ku macho! Stéphane alikuja kuchukua, alikuta iko baridi kabisa. Alifurahi."

Nikakaa juu ya gogo lake la kuni, na yeye akacheka akidhani namtania.

Hapa lazima nieleze, maana hata mafundi wenzangu wa bandarini hawanielewi. Wananiita Profeseri, na si kwa heshima. Chuma kinachosimama wima nyuma ya boti zetu, kile kinachoshika ubao wa usukani chini ya maji na mkono wa nahodha juu, hakinunuliwi dukani. Ni ekseli ya lori lililokufa. Chuma cha dirisha unaweza kukichomelea huku unapiga soga, hakina neno. Ekseli ni kitu kingine. Ina kaboni nyingi, ni ngumu, na ukiichomelea ikiwa baridi, au ukiipoza ghafla, pale kando ya mshono inakuwa kama kioo. Halafu kuna unyevu. Unyevu wa hewa, unyevu wa bageti zilizolala nje bila kufunikwa, maana fimbo za kuchomelea sisi tunaziita bageti. Unyevu ule unaingia kwenye chuma kilichoyeyuka, unageuka hewa, na chuma kikipoa haraka hewa inafungiwa humo. Haitulii. Inatafuta pa kutokea. Wewe unaona mshono mzuri unang'aa, unampa mwenye chuma, anakushika mkono na kukushukuru. Ufa unakuja saa kumi baadaye, au saa ishirini, au siku mbili, chuma kikiwa baridi kabisa na wewe umeshasahau.

Dawa yake naijua tangu Likasi, katika karakana nilikofundishwa na Mzee Albert. Unapasha chuma moto kabla hujakigusa. Unakausha bageti. Unachomelea kikiwa bado cha moto. Ukimaliza unakizika kwenye majivu makavu, kipoe taratibu, ile hewa ipate muda wa kutoka. Vijana tulikuwa na haraka ya kuona kazi yetu, na Mzee Albert alikuwa anasimama mbele ya pipa la majivu, tumbo mbele, anatuzuia. "Hapana kugusa! Muache ipole yenyewe." Ipole, ndivyo tunavyosema sisi watu wa Katanga, badala ya ipoe. Nilisikia neno hilo kila siku kwa miaka tisa.

Na kazi ya Stéphane niliifanya hivyo hivyo. Alikuwa amegonga mwamba karibu na Kabuta, chuma kikakatika shubiri moja chini ya mkono anaoushika, akaniletea vipande viwili alfajiri ya jana yake. Nikamwomba Felistus tanuri yake. Chuma kikalala juu ya makaa mpaka pale nilipokuwa nimepapiga tupa pakageuka rangi ya chisense waliokauka, wale dagaa wetu, manjano inayoelekea kahawia. Hicho ndicho kipimo changu, sina kingine. Bageti zilikuwa zimekaa kwenye joto la tanuri tangu siku iliyotangulia. Nikachomelea tabaka, nikarudisha kwenye makaa, nikachomelea jingine. Saa nne asubuhi nikakifukia kwenye pipa la majivu. Ilikuwa Julai, baridi na upepo, na mimi jasho linanitoka. Nilijivuna. Niseme ukweli, nilijivuna sana.

Kisha ikabidi niondoke. Plamedie alihitaji karatasi ya kusafiria. Sisi wakimbizi hatuvuki hivi hivi, na siku hiyo waliniita mimi mwenyewe, mkuu wa familia. Familia yenyewe ni watu wawili. Angèle, mama yake, na kaka zake wawili tuliwaacha upande wa Pweto, na hayo sitayasema zaidi. Nikamwita Felistus nimwachie pipa. Hapo ndipo nilipoharibu, kwa mdomo wangu huu.

Ningeweza kumwambia kwa Kiswahili. Anakielewa, anawauzia Wakongo samaki kila siku. Lakini Stéphane alikuwa amesimama pale, na wateja wawili Wabemba wenye majembe yao, na mimi nina ugonjwa mmoja: napenda kuonekana mtu wa hapa. Miaka saba Zambia! Wenzangu bado wanaongea kwa ishara, mimi najitia mjuzi. Basi nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Leka chitalale, Bana Lackson." Kwa akili yangu nilikuwa nimesema: acha kipoe, Mama Lackson. Nikapanda baiskeli nikaenda kupanga foleni.

Yeye alisikia kwamba nataka kiwe baridi, kwa njia yoyote, maana kutalala kwao ni kuwa baridi tu. Stéphane naye alikuwa na haraka, anauliza kila dakika kitapoa lini. Mama wa watu akachukua ndoo.

Niliporudi jioni chuma hakikuwapo, Stéphane alikuwa ameshakifunga. Nikahesabu tangu saa nne mpaka saa kumi na moja, nikaona kimelala majivuni vya kutosha, nikaridhika. Kumbe kililala nusu saa.

Sasa nilikuwa kwenye gogo, Felistus ananitazama, hacheki tena.

"Kuko nini?"

Nikamfokea. Nilisimama nikamfokea mbele ya wanawake wenzake wote wa samaki, na sikutafuta Kibemba safari hii. "Umeua mutoto yangu! Unasikia? Maji yako imeua mutoto yangu! Ile chuma itakatika, beko mu ziwa, batakufa bote!"

Kuni zilimponyoka mikononi. Sikungoja kusikia atasema nini.

Nilikimbia bandarini huku napiga simu. Ya Plamedie haipatikani. Ya Stéphane haipatikani. Nilijua hazitapatikana, katikati ya ziwa hakuna mtandao, lakini nilipiga mara tisa. Pale bandarini yuko Kapembwa, anayewaandikia wenye boti majina ya abiria. Mke wake ni Mkongo, kwa hiyo tunaelewana. Nikamshika shati.

"Piga simu ku Kilwa! Bapeleke boti ingine, bamukute Stéphane!"

"Boti imezama?" akauliza.

"Bado."

"Injini imekufa?"

"Bado."

"Sasa unaleta habari ya nini, Papa?"

"Chuma ya usukani itakatika."

"Nani alikuambia?"

"Njo miye niliisude!" Kusude, kwetu, ni kuchomelea.

Aliweka kalamu yake chini taratibu. "Na juu ya nini uliisude mubaya?"

Watu wawili waliokaa kwenye benchi walicheka. Ningempiga, nasema kweli, mkono ulikuwa umeshainuka. Lakini alikuwa na haki ya kuuliza. Utamwelezaje mtu kwamba chuma kizima, kinachofanya kazi vizuri wakati huu, kina kifo ndani yake? Kapembwa akasema atajaribu kumpigia mtu aliyeko Kisiwa cha Kilwa, kile kilicho njiani, huenda simu ikaita. Ilikuwa ni kuniondoa tu mbele yake.

Nilipotoka nilimwona Felistus ndani ya maji. Maji yalimfika magotini, chitenge kimelowa, ameshika pua ya boti ya Lackson asiachie. Lackson ni mzaliwa wake wa kwanza, baba wa watoto wanne, ana boti nyepesi yenye injini ya nje anayokwenda nayo visiwani kununua samaki. Alikuwa anamwonyesha mama yake ziwa. Upepo wa Julai ulikuwa umeshaamka, na huko mbali maji yalikuwa yamejaa vichwa vyeupe.

Walikuwa wanabishana kwa Kibemba. Lackson anasema hakuna mtu anayetoka na boti ndogo upepo ukiwa hivi. Felistus akachukua dumu la petroli lililokuwa mchangani, akalitupa ndani ya boti, akaniangalia mimi kwa mara ya kwanza.

"Panda," akasema.

Nikapanda. Lackson akavuta kamba ya injini huku analaani, sijui alikuwa ananilaani mimi au upepo.

Sijawahi kuogopa maji vile. Boti ilikuwa inaruka juu ya wimbi na kuanguka upande wa pili kwa kishindo, na kila ikianguka nilifikiria kishindo kile kile kikipiga ubao wa usukani wa Stéphane, kikipanda kwenye chuma, kikifika kwenye mshono wangu. Wimbi moja halivunji. Linafungua ufa kidogo tu. Linalofuata linaongeza kidogo. Nilihesabu mawimbi mpaka nikapotea, nikaanza tena. Niliahidi kwa Mungu vitu ambavyo mtu mzima hapaswi kuahidi. Boti ya Stéphane ilikuwa na watu zaidi ya thelathini, kina mama wenye watoto mgongoni, na mimi nilimwombea mmoja tu. Nilijua ni aibu, na sikubadilisha sala.

Lackson aliniuliza kwa kupiga kelele, akishindana na injini. "Sasa mama yangu alikosa nini? Chuma ya moto haimwangiwe maji? Banasude bote hapa banamwanga maji!"

"Eeh," nikamjibu, "na kazi yao yote inakatika!"

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Ulimwambia namna gani?"

Nilijifanya nafuta maji usoni.

Tuliikuta boti ya Stéphane ilipokaribia saa tano. Kwanza doa jeusi, kisha turubai la bluu, kisha watu. Kisiwa cha Kilwa kilikuwa mstari tu juu ya maji. Boti inakwenda, moshi wake unatoka, Stéphane amesimama nyuma ameshika mkono wa usukani na sigara mdomoni. Moyo wangu ulifunguka kwa furaha na papo hapo ukajifunga tena, kwa sababu boti iliyokuwa inakwenda vizuri ndiyo itakayokataa kusikiliza.

Nilirukia ndani, nikaanguka juu ya magunia. Abiria wakashangilia, walidhani nimechelewa safari. Plamedie akasimama.

"Papa! Kuko nini? Nilisahabu karatasi?"

Nilimshika uso wake kwa mikono miwili, nikamwacha nikamwendea Stéphane.

"Punguza. Punguza sasa hivi. Geuka ku kisiwa. Usukani itakatika."

"Papa Gauthier," Stéphane akasema, anacheka, "hii usukani iko natembea muzuri kupita ile ya mbele. Ni kazi yako! Unakuya mpaka hapa kuikataa?"

"Baliimwangia maji ikiwa ya moto. Imepasuka ndani."

"Imepasuka wapi? Onyesha."

Nikainama. Mshono ulikuwa mzuri. Naapa, ulikuwa mzuri, magamba yake yamepangana sawasawa, hakuna jicho la mtu lingeona kitu pale. Watu walikuwa wamekaa kimya wakiniangalia mimi mzee niliyelowa, na nikasikia mwanamke mmoja anamwambia mwenzake kwamba labda huyu papa ana homa.

"Lete mazutu," nikamwambia Stéphane. "Kidogo tu. Na wewe, Plamedie, fungua gunia moja."

"Gunia ya bei hii nifungue?"

"Fungua!"

Mzee Albert alitufundisha mbinu hiyo siku ambazo dawa ya kupimia nyufa ilikuwa imekwisha karakanani. Mazutu ni mafuta ya dizeli, na dizeli inaingia mahali ambapo hata wembe hauingii. Nikaupaka mshono wote. Nikangoja. Stéphane ananung'unika, wimbi linatupiga ubavuni, mimi nangoja. Kisha nikavua shati nikaupangusa mpaka ukakauka kabisa, nikachota unga kwa kiganja nikaupaka kote mpaka chuma kikawa cheupe.

Tulitazama wote. Stéphane, Plamedie, Lackson kutoka kwenye boti yake aliyoisogeza ubavuni, na akina mama waliokuwa karibu. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Unga tu. Nilianza kuomba kwamba nimekosea, kwamba nimejitia wazimu bure, wanicheke mpaka Chienge, mimi niridhike.

Kisha mstari ukatoka. Ulikuwa mwembamba kama unywele, unalowa wenyewe kutoka ndani ya chuma, unatembea kando ya mshono. Ulizunguka mpaka upande ambao siuoni. Plamedie aliinama upande huo akasema kwa sauti ndogo, "Papa, iko mpaka huku pia."

Sigara ilimponyoka Stéphane. "Mungu wangu," akasema. "Njo hii?"

"Njo hii."

Hakubisha tena. Alipunguza injini, akaanza kuigeuza pua kidogo kidogo kuelekea kisiwani. Kusimama kabisa tusingeweza, boti isiyokwenda inageukia wimbi ubavu na kujaa maji. Ilibidi tukifunge chuma kikiwa kazini, kama mtu anavyofungwa mguu uliovunjika. Stéphane alikuwa na funguo mbili kubwa za injini, yaani spana. Nikaziweka pande mbili za ufa, nikachukua kamba ya wavu, nikaanza kuzungusha.

Mikono yangu ilikataa. Kila nikiikaza kamba inanitoka. Mikono hii iliyochomelea mabomba ya mgodi, iliyochomelea milango ya nusu ya Nchelenge, siku hiyo haikuweza kufunga fundo.

"Leta, Papa," Plamedie akasema. Akanisukuma kwa bega, akapiga magoti mahali pangu, akaichukua kamba. Alizungusha mara moja, akakaza. Mara ya pili, akakaza. Anafunga vizuri, amezoea magunia. Ilikuwa mara ya tatu, mkono wake wa kulia umepita chini ya ule mkono wa usukani ili avute kamba, ndipo wimbi lilipokuja kutoka nyuma.

Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya sahani inayoanguka sakafuni. Chuma kilikatika palepale penye mstari wa unga, na ule mkono wa usukani, wenye uzito wote wa Stéphane juu yake, ukashuka juu ya mkono wa mwanangu. Nilisikia na ile sauti ya pili. Nitaisikia mpaka nife.

Kilichofuata nakikumbuka vipande vipande. Boti iligeuka ubavu. Maji yaliingia kwa upande mmoja, watu wote wakakimbilia mwingine, Stéphane anapiga kelele, "Mutupe magunia! Mutupe yote!" Unga wa Plamedie ulikwenda majini gunia baada ya gunia, na maji yakawa meupe kutuzunguka. Mimi nilikuwa nimemkumbatia kwenye sakafu ya boti, najipachika kati yake na miguu ya watu, namwambia samahani, samahani, na yeye hasikii, anauma shati langu ili asipige kelele. Mtoto wa mtu alikuwa analia karibu na sikio langu. Nilikuwa na hakika kwamba tunakufa, na nilichokiona cha kusikitisha zaidi ni kwamba atakufa akiwa na maumivu.

Lackson ndiye aliyetuokoa, yeye na petroli ya mama yake. Alirusha kamba mara tatu. Ya tatu Stéphane akaidaka, akaifunga puani, na ile injini ndogo ikatuvuta mpaka pua ikaangalia upepo. Watu walichota maji kwa masufuria, kwa ndoo, kwa viatu. Tulivutwa hivyo mpaka kisiwani, na hakuna aliyekufa. Wote thelathini na kitu walishuka kwa miguu yao. Plamedie tulimbeba.

Jioni hiyo hiyo upepo ulitulia, tukamrudisha Nchelenge hospitali. Mifupa miwili ya mkono ilikuwa imekatika, na daktari alinieleza kwa upole kwamba vidole vitarudi, ila huenda visifunge vizuri kama zamani. Mkono wa kulia. Nilimwuliza itachukua muda gani, akasema tungoje. Plamedie hakunilaumu, na hilo ndilo lililonimaliza. Alipoamka aliulizia unga, nikamwambia umekwenda wote, akageukia ukutani.

Siku ya tatu Felistus alikuja. Nilimwona mlangoni na sufuria yake imefungwa kwa kitambaa, nikatamani kujificha chini ya kitanda. Tangu niliposimama kumfokea kule kwenye tanuri sikuwa nimesema naye neno hata moja. Alipita mbele yangu bila kunitazama, akaweka sufuria chini, akakaa pembeni ya Plamedie. Aligusa plasta kwa ncha za vidole.

"Upole bwangu, mwana wandi," akamwambia.

Ndivyo Wabemba wanavyomwombea mgonjwa. Nimeisikia mara elfu, hata mimi nawaambia watu. Lakini siku ile niliisikia na sauti ya Mzee Albert ndani yake, na tumbo lake, na pipa lake la majivu. Nikakaa vizuri kwenye kiti.

"Bana Lackson. Ulisema nini?"

Aligeuka, akanitazama kwa tahadhari, kama anayengoja kufokewa tena. "Nilisema apone mbio."

"Ulisema pola."

"Eeh, pola. Mugonjwa akipona, ni kupola."

"Nisamehe," nikamwambia. "Ile maneno nilisema mbele ya batu, nisamehe. Wewe hukukosa kitu."

Alikuwa anangoja nimalize, maana aliona sijamaliza.

"Kwetu chuma njo inapola," nikasema. "Kama imetoka mu moto, tunaiacha mu majivu, inakuwa baridi yenyewe, polepole, hatuigusi. Tunasema, muache ipole."

Plamedie alikuwa amegeuza kichwa, anatusikiliza.

"Ile siku," Felistus akasema, "mu kichwa yako, ulikuwa na hii neno? Ipole?"

"Nilikuwa nayo."

"Na uliacha kuisema juu ya nini?"

Nilitazama mikono yangu. "Nilitaka kusema Kibemba."

"Pola ni Kibemba, Bashi Plamedie." Hakusema kwa hasira. Ingekuwa heri angesema kwa hasira. "Ungesema ile, ningejua iko mugonjwa. Mugonjwa hatumumwangie maji. Tunamufunika."

Akavuta blanketi lililokuwa miguuni, akaufunika mkono wa Plamedie.